Alama ya Kujumlisha Kabla ya Kuchoma

Vijana wanaokuja kujifunza ufundi kwangu Kariakoo hujua kuchoma chipu, yaani kuiandikia data, mapema sana. Wanabana klipu kwenye miguu minane ya chipu ya BIOS, wanafungua programu yenye vitufe vya rangi, wanabonyeza, basi. Wanakwama siku inapoletwa kompyuta mpakato yenye chipu mbili zinazogawana kazi ya moja. Hapo hufungua dirisha jeusi la kuandikia amri na kuwaonyesha kitu wanachokiona cha kizamani: amri ya neno moja, majina mawili ya faili, na alama ya kujumlisha katikati.

Ni kweli, ya kizamani. Lakini kila kipande cha amri ile kina sababu yake, na sababu zenyewe zimo kwenye historia ya chipu. Anayeijua historia hiyo haharibu ovyo bodi za watu.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iliyopewa namba 1702. Aliyeibuni ni Dov Frohman, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1939 katika familia ya Kiyahudi, akafichwa na familia ya Kiholanzi wakati wa vita ilhali wazazi wake waliuawa. Akiwa Intel alipewa kazi ya kuchunguza hitilafu kwenye chipu za mwanzo za kampuni hiyo. Katika kuhangaika na hitilafu akapata wazo: chaji ya umeme inaweza kusukumwa kwa nguvu hadi kwenye kipande kidogo cha silikoni kilichozungukwa pande zote na tabaka lisilopitisha umeme, na ikishaingia inanaswa humo miaka na miaka, hata mtambo ukizimwa. Ukitaka kuitoa unaimulika chipu kwa mionzi ya urujuanimno kupitia kidirisha cha kwatsi kilichowekwa juu yake. Ndiyo EPROM hiyo: kumbukumbu inayoandikwa, inayofutika, inayoandikwa tena.

Kuna jambo kuhusu Frohman ambalo mafundi wa Afrika hatulisemi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, uvumbuzi wake ukiwa bado moto sokoni, aliondoka Intel akaenda kufundisha uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Kumasi, Ghana. Baadaye alirudi kwenye kampuni na kuianzishia kituo cha usanifu Haifa mwaka 1974. Lakini kwa muda ule, mtu aliyejua EPROM kuliko yeyote duniani alikuwa akishika chaki mbele ya wanafunzi wa Kiafrika.

Sisi upande huu tulichelewa kuzigusa. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo enzi ya chipu za kidirisha wengi wetu hatukuiishi ikiwa mbichi. Tuliikuta kwenye bodi zilizokwisha kazi Ulaya, zimefungwa ndani ya mitambo iliyokuja kama mtumba, na kidirisha kimefunikwa kwa kibandiko. Kibandiko kile si pambo. Intel yenyewe iliandika kwenye karatasi za maelezo kwamba jua la moja kwa moja linaweza kufuta chipu kwa takriban wiki moja, na taa za mirija za ofisini kwa takriban miaka mitatu. Wengi wamekibandua ili wasome namba iliyoandikwa chini yake, wakaiacha chipu mezani karibu na dirisha. Dar es Salaam, na jua hili!

Sasa turudi kwenye ukubwa, maana ndiko chanzo cha kuunganisha faili. Ile 1702 ilikuwa na baiti 256, ambazo hazitoshi hata kubeba aya hii moja. Ikafuata 2708 yenye kilobaiti 1, iliyodai volti tatu tofauti kwa wakati mmoja na kuwatesa watengenezaji wa bodi. Kisha 2716 ya kilobaiti 2, iliyofanya kazi kwa volti 5 peke yake, ndiyo maana ikapendwa. Kuichoma kulihitaji volti 25 na mpigo wa milisekunde 50 kwa kila baiti, yaani zaidi kidogo ya sekunde 100 kwa chipu nzima. Baada yake ukubwa ukawa unajirudufu: 2732, 2764, 27128, 27256, 27512. Namba zinasomeka zenyewe. Ondoa ile 27 ya mwanzo, inayobaki ni kilobiti. Gawanya kwa 8 upate kilobaiti.

Programu za wakati huo zilizidi ukubwa wa chipu moja, hivyo zikakatwa vipande. Mfano ninaoupenda kufundishia ni mchezo wa Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978 na kubuniwa na Tomohiro Nishikado. Mashine zilizouzwa Marekani chini ya jina la Midway zilibeba mchezo mzima ndani ya kilobaiti 8, zimegawanywa kwenye chipu nne za kilobaiti 2 kila moja. Wapenzi wa michezo ya zamani walipozisoma chipu hizo na kuzihifadhi, hasa tangu MAME, programu ya kuiga mashine za michezo hiyo, ilipoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, kila chipu ikawa faili moja yenye baiti 2048, na majina yakafuata herufi za soketi kwenye bodi: invaders.h, invaders.g, invaders.f, invaders.e.

Angalia mpangilio wa herufi hizo. Chipu ya kwanza ni h, ya mwisho ni e. Zinakwenda kinyumenyume. Mwenye haraka kwenye Linux ataandika cat invaders.* akitegemea kompyuta imalizie kazi, na kompyuta itampangia kwa alfabeti: e, f, g, h. Faili itatoka na baiti 8192 kamili, ukubwa sahihi kabisa, na mchezo hautawaka.

Kwa nini usiwake? Prosesa ya mashine ile ni Intel 8080, na 8080 ikiwashwa huanza kusoma kwenye anwani ya sifuri, haina pengine. Kwenye Space Invaders baiti tatu za mwanzo ni sifuri tupu, maagizo ya kutofanya chochote. Baiti ya nne, kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), ni C3, agizo la kuruka, na mbili zinazofuata ni D4 na 18, zikisomwa kinyume kama desturi ya Intel: ruka hadi 18D4. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni anwani ya 6356. Chipu ya nne inaanzia 6144. Maana yake, kabla prosesa haijafanya lolote la maana, inatoka chipu ya kwanza na kuruka moja kwa moja hadi ya nne. Panga vibaya, na itatua mahali pasipo na agizo lililokusudiwa. Chipu haina habari ya faili wala jina. Inajua anwani tu. Kazi yote ya kuunganisha ni kuhakikisha kila baiti inakaa kwenye anwani ambayo mwandishi wa programu aliikusudia.

Ile amri ya cat nayo ni ya mwaka 1971, sawa na chipu ya 1702. Imo katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix cha Ken Thompson na Dennis Ritchie, cha tarehe 3 Novemba mwaka huo. Unix ilichukulia faili kuwa mfululizo wa baiti wenye urefu unaojulikana, bila alama yoyote ya siri ndani yake. Kwa hiyo cat inabandika faili hii baada ya ile na haiulizi kilichomo. Sina la kuilaumu.

Matatizo yalitoka tawi la pili la ukoo wa amri za kuunganisha faili. Gary Kildall, aliyekuwa akifundisha Monterey, California, huku akifanya kazi za ushauri Intel, aliandika mfumo wa CP/M mwaka 1974. Diski za CP/M zilihesabu faili kwa mafungu ya baiti 128, si kwa baiti mojamoja. Barua yenye herufi 130 ilishika mafungu mawili, na mfumo haukujua fungu la pili linaishia wapi. Suluhisho likawa kuweka alama mwisho wa maandishi: Control-Z, herufi ya 26, ambayo kwa heksadesimali ni 1A. Programu ikiikuta 1A inajua hapo ndipo mwisho, yanayofuata ni takataka. Chombo cha kunakili cha CP/M kiliitwa PIP, nacho kiliweza kuunganisha faili kwa kutenganisha majina yake kwa mkato. Ila kwa faili zisizo maandishi ulipaswa kuongeza herufi O ndani ya mabano ya mraba, la sivyo kilisimama kwenye 1A ya kwanza.

Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products akaandika mfumo ulioiga mengi ya CP/M. Microsoft wakaununua, na mwezi Agosti 1981 ukatoka na kompyuta ya kwanza ya IBM PC kwa jina la DOS. Mfumo huu mpya uliandika urefu wa faili hadi baiti ya mwisho. Alama ya 1A haikuhitajika tena. Hata hivyo ikaachwa, kwa kuwa programu na watu walishaizoea, na mpaka leo imo ndani ya Windows. Ukinakili faili moja kwa amri ya copy, inanakiliwa nzima. Ukiweka alama ya kujumlisha ili uunganishe mbili, copy inabadilisha tabia bila kukuambia: inadhani unaunganisha barua. Inasoma kila faili hadi 1A ya kwanza na kuacha yaliyobaki, kisha ikimaliza inabandika 1A yake mwishoni.

Sasa, 1A ni nini kwa prosesa ya 8080? Ni agizo halali, tena linalotumika sana: chukua baiti kutoka anwani iliyomo kwenye jozi ya rejista DE. Ndani ya chipu ya e ya Space Invaders, kwenye anwani 1A32, kuna kijisehemu kifupi cha kuhamisha data kinachoanza na 1A hiyo, na baiti chache mbele kinajirudia kwa kuruka hadi 1A32, hivyo 1A inatokea tena kama nusu ya anwani. Unganisha kwa copy ya kawaida na chipu ya e haitavuka hapo. Ndiyo sababu ya kiambatisho kifupi cha /b:

copy /b invaders.h+invaders.g+invaders.f+invaders.e invaders.bin

Hiyo /b inaiambia copy: hizi si barua, chukua baiti zote kama zilivyo. Nimeona faili yenye baiti 8193 ikiletwa dukani na mtu akiapa kwamba programa yake, yaani mashine ya kuchomea chipu, ni mbovu kwa sababu inakataa faili. Programa haikuwa na kosa. Ile baiti moja ya ziada ilikuwa 1A iliyogongwa mwishoni, na aliyeunganisha alikuwa na bahati kwamba faili zake hazikuwa na nyingine katikati.

Windows za sasa zina dirisha jingine, PowerShell, na humo copy ni amri nyingine kabisa isiyoijua /b. Cat pia ipo kwa jina tu. Kwenye PowerShell inayokuja na Windows yenyewe, ukitumia cat na mshale wa kuelekeza kwenye faili, inasoma baiti zako kama maandishi na kuziandika upya kwa mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi. Usiitumie kwa kazi hii. Andika cmd, rudi kwenye dirisha la zamani.

Miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Chipu kubwa zikawa rahisi, na waliokuwa wakikata wakaanza kuunganisha. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na chipu ya kilobaiti 8 kwa lugha ya BASIC na nyingine ya kilobaiti 8 kwa KERNAL, yaani programu ya msingi inayoendesha mashine. Kwenye bodi za baadaye za Commodore 64C zote mbili ziliwekwa kwenye chipu moja ya kilobaiti 16. Cha kufurahisha ni kwamba kwa macho ya prosesa BASIC na KERNAL haziko jirani: moja inaanzia A000, nyingine E000, na kati yake kuna nafasi ya mambo mengine. Lakini ndani ya chipu zimelala ubavu kwa ubavu, BASIC kwanza. Bodi ndiyo inayotafsiri anwani. Anayetaka kuchoma mbadala wake huandika copy /b basic.bin+kernal.bin na jina la faili mpya, na kazi imekwisha.

Leo chipu ndogo ndizo adimu. Ukikosa ya kilobaiti 8 unachukua 27C512 ya kilobaiti 64, na hapo inakuja hila ninayoipenda: unaiunganisha faili hiyohiyo na nafsi yake mara nane. Nyaya tatu za juu za anwani zinazobaki bila kazi ziwe juu, ziwe chini, prosesa itakuta kilekile. Wengine badala ya nakala huweka matoleo manane tofauti na kufunga swichi tatu ubavuni mwa mashine.

Si kila mahali alama ya kujumlisha inatosha. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na prosesa ya 80286 inayosoma baiti mbili kwa mpigo, hivyo BIOS yake iligawanywa kwenye chipu mbili: moja ya anwani shufwa, nyingine ya anwani witiri. Ukizibandika moja baada ya nyingine unapata fujo. Zinatakiwa kusukwa, baiti ya huku, baiti ya kule, na kwa hilo kuna programu kama srec_cat. Vivyo hivyo faili za Intel HEX, zile zenye mistari inayoanza na nukta mbili: kila moja ina mstari wake wa kumaliza, :00000001FF, na programa nyingi zikiuona zinafunga hesabu hapo hata kama umebandika faili nyingine chini yake. Zigeuze kwanza ziwe baiti tupu.

Kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu huwanasa. Chipu za zamani huwa na tarakimu nne kwenye kibandiko, na mashine za kuchomea huonyesha tarakimu kama hizo: jumla ya baiti zote. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, mbona jumla inalingana lakini haiwaki?" Nikamwambia ajumlishe tatu na tano, halafu tano na tatu. Jumla ya baiti haijali ipi imetangulia. Faili zilizobandikwa kwa mpangilio mbaya zitakupa jumla ileile. CRC32 au SHA-1 ndizo zinazojali mpangilio, na hizo ndizo MAME inazotumia.

Ile kompyuta mpakato ya chipu mbili niliyoitaja mwanzo mara nyingi huwa ThinkPad ya familia ya X230, iliyotoka mwaka 2012 na kutufikia kwa wingi kama mtumba. Ina chipu ya megabaiti 8 na nyingine ya megabaiti 4, na kwa prosesa ni eneo moja la megabaiti 12. Ipi itangulie? Hapa vijana waliojifunzia Space Invaders hujibu haraka kwamba prosesa inaanzia mwanzo. Hapana. Prosesa za PC za sasa zikiwashwa huanza baiti 16 kabla ya kilele cha gigabaiti 4 za mwanzo, na kilele hicho ndicho mwisho wa faili. Kwa hiyo chipu ya megabaiti 8 hutangulia, ya megabaiti 4 hufuata, na faili kamili huwa na baiti 12,582,912. Ikipungua hata moja, au ikizidi, usichome.

Naomba jambo moja kwa wenzangu. Chaji iliyonaswa kwenye chipu za kidirisha hupungua, na nyingi zimeshapita miaka 40 tangu zichomwe. Kama una bodi ya zamani kwenye stoo, iwe ya simu, ya redio, ya mashine ya kiwanda au ya mchezo, isome sasa kabla kibandiko hakijadondoka. Soma kila chipu mara mbili na ulinganishe kwa fc /b. Ipe kila faili jina la soketi yake, piga picha ya bodi, na uziache zikiwa vipande hivyohivyo. Kuunganisha kunaweza kusubiri. Lakini bodi ikishatupwa na faili zikabaki na majina kama moja.bin na mbili.bin, atakayezichoma baada yako atalazimika kubahatisha ipi ilitangulia.